Masurufu yasiyo na nyama nayo huchacha

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji mwenzangu ambaye hivi karibuni aliandika kwamba msafiri asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa hana haja ya friji wala ya tahadhari yoyote anapofunga safari, kwa kuwa vyakula vya mimea havina kitu cha kuoza. Sina ugomvi na uamuzi wake wa kuacha kila kitokacho kwa mnyama, na namuunga mkono anapolalamika kwamba mtu wa aina yake akipanda chombo cha kwenda Pemba hukuta kwenye mkahawa sambusa za nyama, katlesi za samaki, keki na chai ya maziwa, na akiuliza kingine huoneshwa chipsi. Lakini hilo la kwamba chakula cha mimea hujilinda chenyewe ni jambo la hatari, na mimi niliyesomesha sayansi kimu katika skuli za Pemba hadi nikastaafu siwezi kuliacha lipite.

Kinachoharibu chakula njiani ni maji yaliyomo ndani yake, joto la mahali kilipo na muda kinaokaa katika joto hilo. Bakteria wengi wanaomdhuru binadamu huzaliana kwa kasi katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mafunzo yake ya funguo tano za chakula salama yaliyotolewa mwaka 2001, linasisitiza kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Joto la kawaida la hapa kwetu, hasa wakati wa kaskazi, ndilo wanalolipenda zaidi. Bakteria hao hawaulizi kama kilichomo bakulini ni mbuzi au ni mbaazi.

Tuchukue wali wa nazi, ambao ndio masurufu ya watu wengi wanaosafiri usiku baina ya Unguja na Pemba. Hupikwa alasiri, hupakuliwa ungali ukifuka moshi, hutiwa katika hotipoti, na juu yake huwekwa kibakuli cha mchuzi wa maharage kabla ya kifuniko kukazwa. Mpaka chombo kinang'oa nanga, wali huo umeshapoa kiasi cha kuwa vuguvugu, na vuguvugu hilo ndilo ambalo hotipoti hulihifadhi kwa saa nyingi. Alfajiri kifuniko kinapofunuliwa, maji hutiririka kutoka upande wake wa ndani. Punje za juu zimelowana, za chini zinanata kwenye kijiko na kuvuta nyuzi, na harufu imeingia ukali kidogo ambao mlaji mwenye njaa hujiambia kuwa ni iliki. Wali huo hauna hata chembe ya nyama, na bado ni miongoni mwa vyakula vinavyoweza kumlaza mtu hospitali siku ile ile anayofika.

Sababu yake inajulikana vizuri. Katika mchele mna bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye spora zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu spora hizo huamka na kuzaliana, na baadhi ya aina za bakteria huyo hutoa sumu ya kutapisha ambayo haiondoki hata wali ukipashwa moto tena. Kwa hiyo anayeteremka bandari ya Mkoani, Pemba, na kwenda kuuchemsha upya kwa jamaa zake hajaokoa kitu. Tui la nazi nalo huzidisha balaa, kwa maana lina maji mengi, lina mafuta, halina uchachu wa kuzuia vijidudu, na katika hali yetu ya hewa huanza kuchacha ndani ya saa chache kama yanavyofanya maziwa ambayo msomaji mwenzangu ameyakimbia. Mbaazi za nazi, muhogo wa nazi, mchicha wa nazi na mchuzi wa biringani na tungule vyote vimo katika kundi hilo, na mkate wa kumimina, ambao mimi binafsi naupenda kuliko mikate yote, uliwe siku ulipookwa, la sivyo katikati yake patakuwa na utelezi.

Sisemi kwamba hotipoti itupwe. Mwenye kusafiri kwa saa mbili tatu anaweza kuchemsha maji, kuyatia ndani ya chombo hicho ili kipate moto, kuyamwaga, kisha kutia chakula kinachochemka na kukila njiani kikiwa bado kinaunguza ulimi. Lakini safari ya usiku kucha, au ya kutoka Micheweni hadi Unguja na kisha kuvuka tena kwenda Dar es Salaam, haimfai mtu wa hotipoti, na ni afadhali ajipange kwa namna nyingine.

Namna hiyo nyingine tunayo tangu zamani, na sisi Wapemba tuna kipimo chake mikononi mwetu. Kila nyumba inayochuma karafuu inajua kwamba iliyokauka vyema huvunjika kwa mlio unapoikunja baina ya vidole, na kwamba iliyotiwa guniani kabla ya wakati wake hupata joto, ikaota ukungu na ikakataliwa kwenye mizani. Chakula cha safari hupimwa hivyo hivyo: kinachovunjika kinasafiri, kinachopinda kiangaliwe, na kinachonata kibaki nyumbani. Kikiwa kikavu barabara, vijidudu havina maji ya kuzaliana, hata joto likiwa kali namna gani.

Mkate wa mofa wa unga wa mtama, kwa mfano, hauna ndani yake zaidi ya unga, maji, chumvi na hamira kidogo, na kwa kuwa hubandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo na kukauka pande zote mbili, hukaa siku mbili tatu bila ya kuharibika ukiwekwa mahali penye hewa. Wahindi wa Mji Mkongwe, ambao wengi wana asili ya Gujarat na Kachchh na ambao baadhi yao dini yao haiwaruhusu nyama, walikuja na elimu kubwa zaidi ya masurufu ya namna hii kuliko watu wowote ninaowajua. Gathia zao za unga wa dengu, chauro zao, na khakhra, yaani chapati nyembamba iliyokandamizwa juu ya tawa hadi ikakauka kabisa, ni vyakula vilivyofikiriwa kwa ajili ya safari ndefu, na mtu anaweza kuvibeba wiki nzima ndani ya kopo lenye mfuniko. Anayeshika sharti la kutokula chochote cha mnyama aulize tu kama unga umekandwa kwa mafuta au kwa samli, na kama umetiwa mtindi, kwa sababu wenye desturi hiyo hawali nyama lakini wengi wao hutumia maziwa.

Kwa upande wa nguvu ya mwili, hakuna sababu ya kumhurumia msafiri huyu. Gramu 100 za njugu, yaani karanga, zina takriban gramu 25 za protini, na dengu kavu hazipungui sana hapo. Tende nazo zimewavusha mabaharia wa majahazi baina ya Ghuba na pwani yetu kwa misimu isiyohesabika ya kaskazi na kusi, zikiwa mzigo wa biashara na chakula cha chomboni kwa wakati mmoja. Utamu wake mwingi ndio unaozihifadhi, maana sukari hushika maji ambayo vijidudu vingeyahitaji. Kwa kanuni hiyo hiyo kashata ya njugu, iliyopikwa hadi sukari ikawa nyekundu na ikakatika kwa mlio, hukaa muda mrefu, ilhali kashata ya nazi mbichi iliyotolewa motoni mapema huanza kutoa harufu baada ya siku chache. Kaukau za muhogo, ndizi na mashelisheli ni nzuri pia zikikaangwa hadi zikauke, ingawa nashauri zisiwe ndizo chakula chote, kwa kuwa zina mafuta na chumvi nyingi na humtia mtu kiu pale ambapo maji safi ni ya kununua.

Chakula ninachokipendekeza kuliko vyote, na ambacho niliwasomesha wanafunzi wangu kukitengeneza, ni dengu za kukaanga. Dengu nzima huchaguliwa mawe, huoshwa na kurowekwa usiku kucha. Asubuhi huchujwa, hupikwa kwa muda mfupi hadi ziive bila ya kuvurugika, kisha hutandazwa juu ya kitambaa safi juani mpaka ngozi zake zianze kukunjamana. Hapo hutiwa kwenye karai pana lenye mafuta machache sana, chumvi, bizari na pilipili ya unga, zikakorogwa juu ya moto mdogo kwa subira, kwani moto mkubwa huziunguza nje na kuziacha na maji ndani. Kuziangalia kwa macho hakutoshi. Toa moja, iache ipoe, uitafune. Ikiwa katikati yake bado laini, zirudishe zote motoni. Zikishakuwa tayari zipoe kabisa kwenye sinia kabla ya kufunikwa, kwa maana kitu chochote kinachofungwa na moto wake hujitengenezea maji, na hapo ndipo kazi ya asubuhi nzima inapopotea. Chapati za mafuta nazo zifanyiwe hivyo: zipoe moja moja, zisibebanishwe zikiwa za moto, na ziliwe siku hiyo au kesho yake.

Kitoweo cha kulia mkate mkavu ni achari, na hapa natofautiana na wanaoiona ni kikorombwezo tu. Embe mbichi au ndimu iliyokatwa, ikakolezwa chumvi, ikaanikwa, kisha ikatiwa siki, haradali, uwatu na pilipili, inalindwa na chumvi pamoja na ukali wake. Uchachu ukiwa chini ya kiwango cha pH 4.6, bakteria wa sumu ya botulini, ambao ndio wabaya kuliko wote katika vyakula vya kufungiwa, hawawezi kukua. Tahadhari ni moja: mafuta peke yake hayafanyi kazi hiyo. Siku hizi naona chupa za thomu, yaani kitunguu saumu, iliyosagwa na kuzamishwa katika mafuta bila ya siki wala ndimu, zikiuzwa na kubebwa kama achari. Mafuta hayo huzuia hewa, na bakteria hao hupenda pasipo na hewa. Chupa hiyo bila ya friji ni hatari kubwa, hata kama inanukia vizuri.

Matunda yenye maganda yake hayahitaji maelezo marefu. Machungwa, machenza, ndizi na mashokishoki hufunguliwa kwa mkono wakati wa kula, na dafu ni maji yaliyokwisha kufungwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe, mradi likikatwa linywewe hapo hapo. Embe au fenesi lililomenywa tangu bandarini na kuuzwa ndani ya mfuko ni jambo jingine, na katika visiwa vilivyokwisha kupata misiba ya kipindupindu zaidi ya mara moja ningetarajia watu wazima waliepuke bila ya kuambiwa. Mwenye kupenda kitu cha moto achukue chupa ya chai yenye maji yaliyochemka, anywe chai yake ya mkandaa, isiyo na maziwa, kwa tangawizi na mdalasini, au amiminie maji hayo juu ya shayiri iliyopondwa na tende ndani ya kikombe. Uji mkavu ulioloweshwa kwa maji ya bomba la chomboni ni sawa na kutokuchukua tahadhari yoyote.

Yapo pia mambo mawili matatu ambayo ukavu hauyatibu. Njugu na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota kuvu atoaye sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Njugu iliyosinyaa, yenye rangi ya kijani au chungu mdomoni, itemwe. Muhogo mchungu usigeuzwe kaukau. Kopo la maharage au dengu lililovimba lisifunguliwe, na lililo zima likishafunguliwa liliwe lote kwa mkao mmoja. Na kwa yule anayeacha vyakula vya wanyama maisha yake yote, na si safarini tu, mimea haitampa vitamini B12 ya kutegemewa. Atafute vidonge vyake, ambavyo kwa bahati njema navyo havihitaji friji.

Huenda msomaji akaona kwamba nawaandikia wageni wachache na vijana waliobadilisha mlo. Sivyo. Wavuvi wanaokwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, katika kisiwa cha Misali hawana friji. Wachumaji wanaohamia kambi za karafuu katika msimu hawana friji. Abiria anayefuturu katikati ya mkondo wa Pemba katika mwezi wa Ramadhani hana friji, na tende zake na maji yake tayari ni futari isiyo na kitu cha mnyama. Na ndugu zetu wa Unguja wanakumbuka jinsi waya wa umeme wa chini ya bahari ulivyoharibika na kisiwa kikakaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wakati ambapo majokofu yaligeuka kuwa makabati. Sisi wa Pemba tuliunganishwa na Tanga kwa waya kama huo mwaka 2010 na tumestarehe tangu hapo, lakini umeme ukikatika alasiri ya joto ndipo inapoonekana ni nyumba gani bado ina kopo la dengu na ni ipi ina sufuria ya mchuzi wa jana tu.

Kinachokera, na hapa narudi upande wa msomaji mwenzangu, ni kwamba vyakula hivi vyote vinapatikana Chake Chake, Wete na sokoni Darajani, Unguja, na bado havimfikii msafiri kwa namna ya kumwezesha kuvichagua. Muuzaji akiulizwa kama kitu kina nyama hujibu kwa nia njema kwamba hakina, huku kikiwa na samli, maziwa ya unga au yai. Halua yetu ya Wete, ambayo ningependa kila mgeni aondoke nayo, hupikwa na wengi kwa samli na wengine kwa mafuta, na ukiitazama huwezi kujua ni ipi. Vileja vina samli. Visheti hutegemea aliyeviandaa. Biskuti za dukani angalau zimeandikwa. Kuna chombo kimoja nilichosafiri nacho ambapo mhudumu alimhakikishia binti mmoja mgeni kwamba mbatata zilikuwa za mbatata tu, na papo hapo akachovya katika mafuta yale yale vipande vya pweza vya mteja aliyefuata. Binti yule alikula ndizi hadi Mkoani.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye mikahawa ya vyomboni na kwa vikundi vya akina mama vinavyotengeneza kashata, kaukau, achari na mikate. Vyakula vikavu vifungwe vikiwa vimepoa, katika bahasha za karatasi nzito au vikopo vyenye mfuniko, kwa kuwa mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku Zanzibar kabla ya wenzetu wa Bara kufanya hivyo tarehe 1 Juni 2019, na visifungwe katika kurasa za gazeti, ambazo wino wake, pamoja na heshima zote ninazokupa wewe Mhariri, haukutengenezwa kwa kuliwa. Juu ya kila kifurushi kibandikwe karatasi inayosema vitu vyote vilivyomo na siku kilipotengenezwa. Wenye vyombo wauze vifurushi hivyo katika meza ya mkahawa badala ya kumlazimisha kila mtu ale chipsi, na wanaosimamia usafi wa chakula bandarini, wanapokagua nyama, wafunue na masufuria ya wali wa nazi.

Gharama ya kibandiko ni ndogo, na muuzaji atairejesha kwa wateja ambao leo wanapita bila ya kununua kwa kuwa hawajui kilichomo. Kiandikwe kwa Kiswahili kwanza, na neno samli lisifichwe mwisho kabisa kwa herufi ndogo.

Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba